Makanisa Saba na Sabla Moja

Leeds, 9 Disemba 2024

Bibi yangu Kaltham,

Shikamoo. Mimi mzima, ila miguu imeganda na pua imekuwa nyekundu kama ya mtu aliyepigwa. Zile fulana ulizonifungia nazivaa zote kwa pamoja, na bado haitoshi. Babu Zakariya kikohozi chake vipi? Mwambie mke wake mdogo anamsalimu, na wewe mke mwenzangu usinune. Baba na Mama nimezungumza nao jana. Naandika kwa mkono kama ulivyotaka, maana kila nikipiga simu Mama anaiweka sauti juu na nyumba nzima inanijibu. Barua anakuja nayo Wiam, yule wa Al Kamil, anarudi likizo.

Sasa kaa kitako, usishtuke. Siku hizi kila Jumatano nakwenda kanisani.

Si kusali, Bibi, pumua. Mji huu una watu wasio na pa kulala, na baridi ya hapa inaua kweli. Makanisa saba yamekubaliana. Jumatatu wanafungua Wamethodisti, Jumanne Wakatoliki, Jumatano Wabaptisti, na kuendelea hivyo mpaka wiki inakwisha. Nasikia zamani baadhi yao hata salamu walikuwa hawapeani. Jioni wanatandika magodoro ukumbini, wanapika, watu wanalala, asubuhi wanakunywa chai, halafu magodoro yanapakiwa garini na kupelekwa kanisa la pili. Wanaolala wanaitwa wageni. Kila mgeni ana mfuko wake wa blanketi na shuka, umeandikwa jina lake, unamfuata kila kanisa, asije akalalia shuka la mwenziwe. Sisi wanafunzi tunasaidia jikoni. Hakuna aliyeniuliza dini yangu, wameniuliza tu kama najua kukata vitunguu.

Jumatano iliyopita nilipika chai ya maziwa. Mzee mmoja mwembamba akaonja, akainamia kikombe, akasema kwa Kiswahili, "Iliki wameisahau."

Nusura niangushe birika. Nikamwambia, "Haikusahauliwa, babu, haikuwepo dukani." Basi akacheka mpaka machozi. Kwenye mfuko wake pameandikwa Ghanim. Anasema ni mtu wa Unguja, Malindi, baba yake alikuwa na duka la kutengeneza saa. Ana kovu limemkata nyusi katikati. Wewe si mtu wa Malindi? Labda unawajua watu wake. Anaishi peke yake kabisa, na inatia huruma.

Mjukuu wako,
Lujain


Ibra, Oman, 22 Disemba 2024

Mjukuu wangu Lujain,

Marahaba, na Mungu akukuze. Barua yako ameileta baba yake Wiam mwenyewe, akakataa hata kuingia kunywa kahawa, ana haraka ya kwenda Sur. Sisi wazima. Baridi imeshuka, alfajiri maji ya mfereji wa falaji yanauma vidole. Babu yako anakohoa na anakataa dawa. Shangazi yako Lamees amejifungua mtoto wa kiume, wamemwita Shihab, kichwa chake kikubwa kama cha baba yake. Mama yako Tufool anakuulizia kila saa.

Sasa nisikilize. Nataka uache kwenda huko.

Usiniambie kuhusu vitunguu. Wewe umekwenda kusoma. Watu wana midomo, na picha siku hizi zinaruka. Mtu mmoja akikuona chini ya msalaba na birika mkononi, kabla ya Alasiri habari imeshafika Ibra, na mimi nitajibu nini? Kusaidia ni kuzuri, sikatai. Toa sadaka yako msikitini, wao wataifikisha.

Na huyo mzee usimzungumzishe. Malindi ilikuwa na watu wengi, na mafundi saa walikuwa wengi, na siwezi kumjua kila mtu. Mtu mzima akikaa peke yake huwa ana sababu zake.

Hilo kovu liko nyusi ya kulia au ya kushoto? Nauliza tu.

Bibi yako,
Kaltham


Leeds, 3 Januari 2025

Bibi,

Shikamoo. Hongera ya Shihab, na kichwa kikubwa ni cha akili, mwambie Shangazi Lamees. Theluji imeanguka siku mbili na imekuwa barafu njiani. Nimeanguka mara moja, sikuumia, ila heshima imevunjika.

Barua yako nimeisoma mara nyingi na sijaielewa. Wewe ndiye uliyewapa wale mafundi wa Firq blanketi zako za harusi, kampuni yao ilipofungwa wakawa wanalala karakana. Wewe ndiye uliyegombana na Mama kwa sababu alisema watachafua. Leo mimi nikate vitunguu iwe aibu? Sitaki kukuvunjia adabu, Bibi, lakini sijaacha. Kuna wageni ishirini na magodoro ishirini, na mama wa zamu, yule anayetusimamia jikoni, ana magoti mabovu. Nikiacha, mtu atalala na njaa.

Kovu liko kulia. Anasema alijigonga kwenye dirisha siku ya harusi yake, aliinuka kwa pupa kuangalia wapiga ngoma chini, na bibi harusi akamfunga kwa kitambaa chake mwenyewe. Kwa hiyo aliwahi kuoa huko nyumbani. Alikuja Uingereza mwaka sabini, akaandika kwao kwamba anasomea uhandisi. Uongo, alikuwa anaosha sahani. Kila barua aliongeza uongo kidogo, mpaka siku moja akashindwa kuandika tena. Aliishi chumba cha juu ya mkahawa miaka na miaka, mwenye mkahawa akafa, watoto wakauza, na yeye akatolewa na begi moja. Ana umri wa miaka sabini na nane. Nilimwuliza kama alioa tena huku. Akaomba sukari.

Anakohoa vibaya. Makanisa yanamtafutia chumba cha serikali, lakini karatasi zake hazijulikani zilipo, na ukumbi unafungwa mwisho wa Machi.

Niambie ukweli, Bibi. Unamjua?

Lujain


Ibra, 14 Januari 2025

Lujain mwanangu,

Marahaba. Sikuandikii habari za nyumbani leo.

Lile dirisha lilikuwa la chumba chetu. Kitambaa kilikuwa changu.

Baba yako anajua niliolewa kabla ya babu yako, na kwamba mume wa kwanza alifariki. Wewe hukuambiwa jina kwa sababu hakuna aliyeuliza. Alikuwa Ghanim. Niliolewa naye nikiwa na miaka kumi na minane, tukakaa mwaka mmoja, akaenda kusoma. Barua zikaja, zikapungua, zikakatika. Wazee wangu wakaja Oman, nikaja nao, nikaacha anwani kwa majirani, kwa msikiti, kwa kila mtu. Nilingoja mpaka nikachekwa. Baadaye baba yangu akanipeleka kwa kadhi, kadhi akauliza, akatangaza, akasubiri muda wa sheria, kisha akahukumu kuwa amekufa. Tukamsomea khitma. Nikakaa eda kama mjane. Nililia, Lujain, usidhani sikulia. Ndipo Zakariya akaleta posa, naye alijua yote, na mpaka leo hajanirushia neno.

Uliponiandikia kuhusu kovu nikasema, haiwezekani. Uliponiandikia kuhusu dirisha nikaenda Nizwa. Nilimwambia babu yako namtazama dada yangu Tamima. Tulikwenda na Tamima kwa sheikh mmoja mzee aliyesomesha watu wengi. Nikamwuliza kana kwamba ni habari ya jirani yake Tamima: mke aliyeolewa kwa hukumu, kisha yule wa kwanza akaonekana yu hai. Akasema, "Huyo wa kwanza ataulizwa. Ana hiari. Amtake mkewe, au atake mahari aliyompa."

Nikamwuliza, "Na yule wa pili?"

"Anangoja jibu."

"Na mwanamke, yeye haulizwi?"

Sheikh akaniangalia sana. Akasema, "Huyo jirani yenu aje mwenyewe, nimsikilize." Sikurudi.

Sasa unajua. Ghanim akijua niko wapi, ana neno la kusema juu yangu. Nimekaa na babu yako maisha yangu yote. Hapiki, hajui nguo zake ziko kabati gani, na akiamka nisipokuwepo anaita jina langu kabla ya kutia mguu chini. Huyo mwingine sijui hata sauti yake siku hizi ikoje. Nina hasira naye ambayo sikujua ningali nayo. Angesema anaosha sahani! Mimi ningeosha naye.

Kwa hiyo nakuomba, nakusihi kwa haki ya maziwa niliyomnyonyesha baba yako: usimtajie jina langu. Mpe chai, mpe blanketi, mwombee kwa madaktari. Lakini mimi asinijue.

Bibi yako


Leeds, 16 Januari 2025

Bibi,

Shikamoo. Barua yako haijafika na mimi siwezi kungoja. Naipeleka hii kwa kampuni ya vifurushi, itakuwa haraka. Nimepiga simu mara mbili, mara zote Mama kapokea, na nyuma nasikia vikombe na wageni. Sikuweza kusema.

Nimefanya kosa, nadhani, na sijui ni kosa gani.

Jana ilikuwa zamu yetu. Nilipata iliki. Bwana Ghanim akanywa vikombe viwili, akawa na furaha, akaniuliza, "Mwana wewe, nani kakufunza kusema kama watu wa kwetu? Watoto wa Oman hawasemi hivi."

Nikamwambia, "Bibi yangu. Kaltham binti Sulaiman. Mtu wa Malindi, kama wewe."

Akaweka kikombe mezani taratibu. Akasema, "Yu hai?"

"Yu hai, alhamdulillah, anatugombeza sote."

"Ana mume?"

Nikamweleza, mimi mjinga, kwa fahari kabisa. Babu Zakariya, Ibra, Baba, Shangazi Lamees, wajukuu. Akawa anaitikia kwa kichwa tu. Akauliza kama una afya, nikasema magoti tu. Akasema, "Vizuri. Vizuri sana." Kisha akainuka akachukua koti.

Mama wa zamu akamfuata mlangoni, akamwambia nje ni barafu. Akajibu kwa Kiingereza chake cha adabu kwamba amepata mahali pengine. Uongo, Bibi. Hana mahali pengine. Leo ilikuwa zamu ya Waanglikana, nikapita kuuliza. Mfuko wake wa blanketi ulikuwa umekaa juu ya godoro, haujafunguliwa.

Bibi, yeye ni nani kwako? Ikiwa atakufa kwa baridi kwa sababu nimetaja jina lako, lazima nijue nimemfanya nini.

Lujain


Ibra, 29 Januari 2025

Mjukuu wangu,

Marahaba. Barua zetu zimepishana njiani. Sasa umeshaipata yangu na unajua. Usijitese, ulitaja jina la bibi yako kwa fahari, hilo halina kosa. Simu nilizisikia. Tufool akasema, "Lujain anakusalimu," na mbele yangu wamekaa wanawake sita wanakula halua. Ningesema nini?

Niliposoma kwamba ametoka nje kwenye barafu, nilikaa jikoni nikawaza. Nimemwomba Mungu huyu mtu asinijue. Haya, amenijua, na badala ya kuja kunidai amechukua koti lake akatoka. Sikuweza kuendelea kunyamaza. Nikamwendea babu yako na barua zote nikamwambia.

Alikuwa anakunywa kahawa. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza kitu kimoja, "Sheikh alisemaje?" Nikamwambia. Akamaliza kahawa yake, akatikisa kikombe kuonyesha imetosha, akanirudishia. Halafu akaingia chumbani, akatoka na mto na blanketi.

Nikamwuliza, "Unakwenda wapi?"

"Kwenye sabla. Mpaka huyo bwana ajibu, mimi si halali yangu kulala hapa."

"Zakariya, una miaka themanini na mbili."

"Ndiyo maana. Nimebakiwa na muda mfupi wa kuharibu."

Na hivyo ndivyo tulivyo. Sabla ya ukoo unaijua, ukumbi mtupu tu, madirisha hayafungi vizuri, imejengwa kwa ajili ya harusi na matanga, haikujengwa kwa mzee kulala Januari. Anakohoa, namsikia toka huku. Tufool akamwuliza, akasema mgongo unataka sakafu ngumu. Baba yako naye akaenda mpaka Nizwa kumnunulia godoro la wagonjwa wa mgongo! Amelileta kwa gari, ana furaha, na babu yako kashukuru, kalala juu yake, hajui acheke au alie.

Akija nyumbani anapiga hodi. Hodi, Lujain, nyumbani kwake. Mimi najifunika mtandio ndipo namwitikia. Jana nilimpa sahani ya chakula, akaipokea bila kuniangalia, kama mtu wa kupita njia. Nimerudi jikoni nimepiga kifua changu kwa ngumi. Nina waume wawili na sina hata mmoja.

Majirani wameanza. Bi mmoja kaniuliza kwa sauti ya asali, "Bwana yuko kwenye sabla, kuna msiba?" Nikamjibu bado.

Mtafuteni. Waambie hao watu wa makanisa yako, waombe, usione haya. Akipatikana hai, usimbembeleze na usimtishe. Chukua vijana wawili wa Kiislamu wenye akili zao, wawe mashahidi, umwulize kama sheikh alivyosema. Mke au mahari. Sikuagizi jibu. Ningependa kukuagiza, lakini babu yako amenikataza, anasema hiari yenye kusukumwa si hiari.

Harakisha. Nje kwenu ni barafu na huku ndani kwangu pia.

Bibi yako


Leeds, 12 Februari 2025

Bibi yangu,

Shikamoo, na shikamoo kwa Babu huko aliko. Kabla ya kitu chochote: amepatikana, yu hai. Nisamehe sikuandika mapema, niliogopa kukupa habari kabla sijajua kama atapona.

Nilipopata barua yako ya dirisha nilikwenda kwa mama wa zamu nikamweleza yote, nikilia juu ya sinki. Hakuelewa mahari ni nini lakini alielewa baridi. Akapiga simu makanisa yote. Padri wa Wakatoliki na mchungaji wa Wabaptisti wakatoka pamoja kwa miguu, mmoja mrefu mmoja mfupi, wanachungulia chini ya madaraja. Mama wa zamu akampigia imamu wa msikiti wetu, na vijana wa msikiti nao wakaingia mitaani. Wamethodisti wakabandika picha yake kwenye kila kituo cha basi. Siku tatu hakuna kitu, wala hospitali. Mimi sikuweza kula. Nilikuwa nawaza nitakuandikia maneno gani.

Alikuwa kwenye duka la mashine za kufulia, lile ambalo halifungwi. Alikaa mbele ya mashine inayozunguka, kama mtu anayengoja nguo zake, na hana nguo ndani. Padri ndiye aliyemwona. Kifua kilikuwa kimejaa. Wakampeleka hospitali, akakaa zaidi ya wiki mbili, na tukawa tunapokezana kumtazama. Siku ya kwanza aliponiona akageuza uso ukutani. Siku ya pili akaniuliza kama nimekuja na chai.

Jumatano, wiki iliyopita, alitoka. Daktari alisema asikae nje hata usiku mmoja. Akaletwa kwetu, ukumbi wa Wabaptisti, na mfuko wake wa blanketi ulikuwa unamngoja. Nilikuwa nimewaita Osama na Zuhair, wote wa Sur, mtaa wa Aija, wanasoma uhandisi wa kweli. Tukakaa meza ya pembeni. Mama wa zamu akawazuia watu wasije upande ule, hata hakuuliza sababu.

Nikamweleza kila kitu, Bibi. Kadhi, khitma, eda, sheikh wa Nizwa. Nikasema, "Una hiari. Mke au mahari."

Akasukuma kikombe chake pembeni. Kisha akasema, "Yeye mwenyewe anataka nini?"

"Hakuniagiza jibu."

Akacheka, akakohoa, akacheka. "Kaltham huyo huyo. Hata siku ya posa alikataa kusema ndiyo, alisema tu hasemi siyo." Halafu akauliza, "Na bwana wake? Amelichukuliaje?"

Nikamwambia Babu amehamia kwenye sabla.

"Tangu lini?"

"Tangu alipojua."

"Na huko Ibra sasa ni baridi?"

"Alfajiri ni baridi sana. Na anakohoa."

Bibi, uso wake ukabadilika. Alikasirika. Alipiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka, Zuhair akashtuka. "Mzee wa miaka themanini analala nje kwa ajili yangu? Mimi nalala nje kwa makosa yangu. Yeye kakosa nini? Mwambie arudi ndani!"

Nikasema, "Haitoshi, babu. Lazima uchague, kwa ulimi wako."

Akajiweka sawa kwenye kiti. Akafunga kifungo cha koti. Akawatazama Osama na Zuhair mmoja mmoja, akasema polepole ili washike: "Mimi Ghanim bin Marzouq nachagua mahari. Na mahari nimemsamehe. Hana langu, sina lake." Akawataka wayarudie maneno, wakarudia wote wawili.

Kisha akasema amechoka, na akaenda kwenye godoro lake. Ukumbi ulikuwa umejaa, wengine wanakoroma, mmoja anacheza karata peke yake, na juu ukutani ule msalaba. Nikamtandikia. Nikamwuliza kama nikuletee neno lolote. Akasema, "Huko wameshanililia na kunisomea. Nisiwatie taabu ya mara ya pili."

Osama na Zuhair wameandika ushahidi wao kwa Kiarabu na kutia sahihi, nimeuweka ndani ya bahasha. Makanisa yamepata mwanasheria, anasema karatasi zake zitapatikana, na chumba huenda kikapatikana kabla ya ukumbi kufungwa. Huenda, anasema, hawezi kuapa.

Nimekuandikia kila neno kama lilivyosemwa. Sijapunguza.

Lujain


Ibra, 27 Februari 2025

Mjukuu wangu Lujain, mke mwenzangu, Mungu akuweke,

Marahaba. Barua yako imefika, Wiam kaja tena kwa siku chache, kaikabidhi kwa baba yake na baba yake kanikabidhi mimi mkononi. Kesho kutwa huenda tukaanza kufunga Ramadhani. Tufool kanunua unga wa kulisha jeshi, na Shihab ameanza kucheka, anacheka na ukuta.

Niliisoma barua kwenye kizingiti cha sabla, nimejifunika, babu yako amekaa ndani. Nilipofika kwenye maneno ya Ghanim, Zakariya akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Rudia pale aliposema nirudi ndani." Nikarudia pale pia. Akavua kofia, akaishika mapajani muda mrefu.

Ushahidi wa vijana tuliupeleka Nizwa kwa sheikh, safari hii pamoja, na nikamwambia jirani ni mimi. Akasema, "Nilijua." Akasema ndoa yetu imesimama, twende nyumbani. Tulikwenda nyumbani. Baba yako akarudisha godoro la mgongo chumbani, akauliza, babu yako akamwambia mgongo umepona. Amefurahi sana, anasema lile godoro ni zuri, anawaambia watu walinunue.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia Tamima. Siku ile, mlango ulipofungwa na Zakariya yuko upande wake wa kitanda, nililia. Nililia mpaka akawasha taa. Akaniuliza, "Unamlilia yeye?" Nikamwambia kweli: "Najililia mwenyewe. Nimemwomba Mungu kila sala asinichague. Hakunichagua, na imeniuma." Nilidhani atakasirika. Akanitazama, akacheka mpaka kikohozi kikamshika, nikalazimika kuinuka kumletea maji.

Asubuhi akaniambia, "Sabla iko tupu. Ikiwa hicho chumba chao hakikupatikana, yule mtu aje alale kwetu. Nitamtumia mjukuu wetu Adham na tikiti." Kasema hivyo, Zakariya. Nikamjibu sitaki. Sikusema kwa hasira, hasira imekwisha siku ile alipopiga meza. Lakini siwezi kukaa uani na kumsikia akikohoa ng'ambo ya ukuta, nikajua ni yeye. Babu yako akasema, "Basi wewe amua, mimi nimetoa langu." Siku kadhaa nimekwenda nalo na kurudi nalo. Nimewaza lile duka la mashine. Mtu anakaa mbele ya nguo zisizokuwa zake ili asifukuzwe.

Nimeamua hivi. Makanisa yakimpatia chumba, alhamdulillah, akae huko, na babu yako atampelekea anachohitaji. Wasipompatia, siku ukumbi utakapofungwa asilale nje hata usiku mmoja. Aje. Nitavumilia hicho kikohozi. Baba yako nitamwambia mwenyewe, kabla hajaambiwa na majirani.

Waambie watu wa makanisa hayo saba kwamba Kaltham wa Ibra anawaombea dua, na yule mama mwenye magoti mabovu namtumia mafuta ya kuchua, Wiam anarudi nayo.

Na Jumatano ukiwa jikoni, Ghanim akishakunywa chai yake, kaa naye. Zamani nilikukataza jina langu. Sasa litaje. Mwambie, Kaltham binti Sulaiman anakusalimu. Kisha ngoja, usimharakishe, umsikilize atakavyoitikia, uniandikie.

Bibi yako,
Kaltham